Kabla ya Kulipa Baisikeli Kuukuu



Jumapili iliyopita, watu walipokuwa wakitoka kanisani hapa Rusimbi, mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka chini ya mwembe. Pale palikuwa na Phoenix nyeusi, ile itokayo Shanghai, imepakwa rangi upya, inang'aa kama kiatu cha bwana arusi. Alitaka kumnunulia binti yake anayekwenda shule mbali kwa miguu, na fedha aliyokuwa nayo ni ya mawese ya msimu mzima. "Karani, nitazamie," akasema, "mwenyewe anangoja jibu."

Rangi mpya juu ya chuma kikuukuu hunitia shaka. Yangu ya kwanza niliinunua hivyo hivyo. Siku ya tatu, nikitelemka kutoka Mwanga kwenda stesheni na dumu la mafuta nyuma, foki ilikatika. Ufa ulikuwa umefichwa kwa rangi. Meno mawili niliyaacha barabarani, na mafuta yote.

Basi tulianza na fremu. Pitisha kidole kwenye maungio, hasa chini ya usukani na juu ya foki. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba ni dalili ya ufa; hapo usiendelee. Kisha zungusha magurudumu. Likiyumba, spoki zimelegea au rimu imepinda. Ukilitikisa likacheza, gololi zataka kutazamwa. Hayo fundi huyaweza.

Mnyororo ndio wenye siri. Chukua rula ya inchi. Hesabu pini 24 baada ya ile unayoanzia: mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, umekwisha, na mara nyingi meno ya gia yamekwisha pamoja nao. Ukibadili mnyororo peke yake utaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Kwa hiyo hesabu bei ya vyote viwili, uipunguze katika bei ya muuzaji.

Sasa kimo. Mzee alikuja peke yake; nikamwambia amwite binti, maana baisikeli hupimwa kwa mpandaji, kama gauni. Alisimama juu ya bomba la juu, na nyayo hazikufika chini. Yafaa zifike zote, na nafasi ya vidole viwili ibaki. Fremu ilikuwa ya inchi 24. Kiti huweza kushushwa, fremu haishuki.

Mzee alitaka kuichukua vivyo hivyo, "atakua nayo." Ndipo tulipoipindua kutafuta namba ya fremu. Ilikuwa imekwaruzwa kwa tupa. Muuzaji akasema yeye naye aliinunua hivyo. Mzee akairudisha fedha mfukoni bila neno.

Binti bado anakwenda kwa miguu. Msomaji mwenye baisikeli ya kike, inchi 22, yenye namba yake, tena aliye tayari kuandikiana barua ya mauziano mbele ya mtendaji, anikute ofisini parokiani.