Ndege ya ndala iliyotufumbua macho

Nilikwenda Saadani mapumzikoni kumsalimia dada yangu, na kitu cha kwanza nilichokiona sebuleni kwake kilikuwa ndege. Ilikuwa juu ya meza, imeundwa kwa ndala zilizoletwa na maji ufukweni, vipande vya boksi la sabuni na chelewa za mnazi. Fundi wake ni mtoto wa dada, ana miaka 10, yuko darasa la nne.

"Shikamoo mamdogo. Bawa la kushoto usilishike, gundi haijakauka."

Nikaitikia marahaba nikiwa nimeinama kuitazama. Viti vya abiria vilikuwa ndani, kimoja kimoja, na kila kimoja kina mkanda wa uzi mwembamba. Mtoto aliyefanya kazi ile ana mikono mizuri na subira ya ajabu.

Baba yake hakuiona hivyo. "Shemeji, huyo mwalimu wake analalamika kila siku. Kazi ya ubaoni anainakili nusu, nusu anabuni. Akirudi hapa ni wembe na ndala. Nimemwambia, matokeo yajayo yakiwa mabaya hilo dude nalitia jikoni."

Mzazi, ukikaa Saadani huwezi kumlaumu mtoto kwa kupenda ndege. Hapa ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, inapakana na Bahari ya Hindi, na wageni wengi huletwa na ndege ndogo. Mojawapo ya aina zinazotumika sana kwa safari za hifadhini nchini ni Cessna Caravan: injini moja mbele, mabawa juu ya mwili, magurudumu yasiyokunjwa. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiiunda.

Nilitaka kumtetea, nikaona njia nzuri ni kuugeuza mchezo uwe hesabu. Nikamwambia tuisahihishe ifanane na ndege yenyewe. Ughaibuni watu wazima hufanya hivyo. Hununua ndege za plastiki za vipande kutoka kampuni kama Airfix na Revell, kisha hukaa miezi wakirekebisha pale ambapo kiwanda kilikosea.

Tukachagua skeli ya 1:50, kama ile ya ramani. Maana yake kila mita moja ya ndege halisi inakuwa sentimita 2 mezani. Caravan ile ndefu ina urefu wa karibu mita 12.7, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni karibu mita 15.9. Akapiga hesabu mwenyewe: mwili sentimita 25 na kidogo, mabawa karibu 32. Akapima ya kwake, akakuta mabawa ni mafupi kuliko mwili. Akayabandua bila kununa akaanza upya. Huyu ndiye mtoto anayesemwa kwamba hajui hesabu.

Kesho yake shemeji alitupeleka karibu na kiwanja cha ndege, mimi, fundi na binamu yake wa miaka 9. Watoto hawaendi kule peke yao, kuna wanyama. Tulisimama mbali, pembeni, ndege ikatua na kusimama.

Nikauliza, "Haya, yako inakosa nini?"

Binamu akawahi: "Ile miti ya kushikilia mabawa!" Ni kweli. Caravan ina mhimili mmoja kila upande, kutoka chini ya mwili hadi katikati ya bawa.

Fundi wetu akakunja macho, akasogeza kichwa mbele. "Miti gani?"

Nikadhani anatania. Nikamwomba asome herufi za ubavuni. Binamu alisoma bila shida, akianza na 5H, alama ya ndege zilizosajiliwa Tanzania. Fundi alisema haoni herufi, anaona rangi tu. Hapo nikakumbuka kwamba kwenye ndege yake ameandika SH. Nilidhani ni makosa ya kitoto. Kumbe aliandika alichokiona siku aliyopata kuisogelea kidogo.

Nikamwambia azibe jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Yote mawili yalikuwa vilevile. Nilimtazama shemeji, naye alikuwa anatazama chini.

Wiki iliyofuata dada alimpeleka mjini kwa mtaalamu wa macho. Jibu likawa kutoona mbali. Vya karibu anaviona vizuri sana, ndiyo maana mikanda ya viti ilikuwa safi vile. Ubao kwake ulikuwa ukungu. Alikuwa anakaa nyuma darasani kwa sababu ni mrefu, na hakuwahi kumwambia mtu kwa kuwa hakujua kwamba wenzake wanaona tofauti na yeye.

Hili ndilo la kushika, mzazi. Mtoto hawezi kulalamika kwamba haoni vizuri kama hajawahi kuona vizuri. Ni sisi tunaotakiwa kuzisoma dalili:

Anakunja macho akitazama mbali. Anasogelea televisheni au anashika daftari karibu na pua. Anakosea kunakili ubaoni lakini akisoma kitabu mkononi yuko sawa. Anasugua macho au analalamika kichwa mara kwa mara. Anainamisha kichwa upande mmoja akitazama kitu.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi, ingawa hakichukui nafasi ya mtaalamu. Simama na watoto wawili mahali pamoja, waambie wasome bango la mbali, jicho moja kwa wakati. Mmoja akishindwa kile ambacho mwenzake anakisoma, mpeleke akapimwe. Na ukiona weupe katikati ya mboni ya jicho au makengeza yaliyoanza ghafla, usisubiri hata wiki.

Wengi wanaogopa kwamba miwani itadhoofisha macho ya mtoto. Si kweli. Miwani iliyopimwa vizuri humsaidia kuona, haiharibu jicho. Kinachosaidia kupunguza uwezekano wa tatizo hili kuanza ni mtoto kupata muda wa kutosha nje, mchana, kila siku. Kwa hiyo kazi ya mezani iwe na mapumziko.

Kuhusu vifaa, nilimwachia dada masharti machache. Wembe anashika mtu mzima, mtoto anakata kwa mkasi. Gundi kali ikibana vidole, usivute kwa nguvu: loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, zungusha polepole. Ikiingia jichoni, mwagia maji safi mengi, usilazimishe kope kufunguka, nenda hospitali. Petroli na thina zisitumike kusafishia rangi, na kamwe zisiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Rangi za maji zinatosha. Vipande vidogo vikae mbali na walio chini ya miaka mitatu.

Dada alinipigia siku miwani ilipofika. Walipitia kiwanja cha ndege kwanza, kabla ya nyumbani. Mtoto alitazama kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe na rubani anavaa miwani." Ya rubani ilikuwa ya jua, lakini hakuna aliyemsahihisha.

Shemeji hakusema mengi. Siku ya pili aliporudi kutoka baharini alileta samaki, na chini ya kikapu ndala mbili za bluu, rangi ya ule mstari wa ubavuni.

Nimetumiwa picha juzi. Mihimili ipo, S imekuwa 5. Nikamwandikia kwamba bomba la moshi la Caravan liko upande wa kulia, yeye ameliweka kushoto. Amejibu kwamba analijua hilo, analihamisha Jumamosi, kwanza anamaliza kazi ya shule.