Mama aliyeambiwa arudi kesho hasiti

Dodoso la PACV, linalopima kusita kwa wazazi kuhusu chanjo, lilitungwa Seattle, Marekani, na Douglas Opel na wenzake: maswali 15, alama 0 hadi 100, na mzazi anayefika 50 huhesabiwa kuwa anasita. Swali mojawapo huuliza kama umewahi kuchelewesha chanjo kwa sababu isiyo ugonjwa wala mzio. Kwetu Tanzania swali hilo lina shida, hata likitafsiriwa kwa Kiswahili fasaha namna gani. Kichupa cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, mara nyingi kina dozi 20, na kikishafunguliwa hakitumiki baada ya saa 6. Watoto wakiwa wawili tu kliniki, muuguzi husita kukifungua, na mama huambiwa arudi siku nyingine. Akijibu kweli kwamba mtoto alichelewa, anapewa alama za mwenye mashaka! Ni dhuluma kwa mtu aliyetembea na mtoto mgongoni akiitafuta hiyo chanjo. Tena asiulizwe na muuguzi yuleyule anayemchoma mwanawe. Atajibu la kumpendeza kwa heshima tu. Watafiti, ongezeni swali la pili: nani alichelewesha, wewe au kituo?