Mabinti Wetu Wasifichwe Siku ya Chanjo



Wauguzi wa chanjo wanapofika shuleni, wapo wazazi wanaomwambia binti yao abaki nyumbani siku hiyo. Wengine wamesikia kwamba sindano ile hufunga kizazi. Wengine wanaona ni kumpa mtoto ruhusa ya uasherati. Tunajua wanafanya hivyo kwa upendo. Hata hivyo, sisi tunaoandika ukurasa huu tunasema wanakosea, na madhara yake huenda yakaonekana baada ya miaka ishirini, binti akiwa mama wa watu.

Sindano hiyo hukinga kansa ya shingo ya kizazi, kansa inayoua wanawake wengi kuliko nyingine yoyote nchini Tanzania. Kwa makadirio ya mwaka 2022, zaidi ya wanawake 10,000 huugua kila mwaka na zaidi ya 6,000 hufa. Chanzo chake ni virusi vya papiloma (HPV), ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Vikibaki, huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta kansa. Kwa mama mwenye UKIMWI asiyetumia dawa, ni miaka 5 hadi 10 tu.

Hapo ndipo sisi wa Kalenga tunapohusika zaidi. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ina maambukizi makubwa ya UKIMWI kuliko sehemu nyingi za nchi, na mwanamke mwenye virusi hivyo yumo katika hatari ya kansa hii karibu mara sita kuliko asiye navyo.

Je, chanjo hufunga kizazi? Hapana. Ndani yake kuna ganda la nje tu la kirusi, lisilo na uhai wala uwezo wa kuambukiza. Mkoani Mwanza, kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 walishiriki katika utafiti wa chanjo hii, na ulisaidia kuonyesha kwamba dozi moja inatosha. Huko Scotland, taarifa ya mwaka 2024 ilieleza kwamba hakuna hata mgonjwa mmoja wa kansa hii aliyeonekana kati ya waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13.

Je, ni ruhusa ya uasherati? Tufikiri pamoja. Binti anaweza kulelewa vizuri, akajitunza hadi siku ya ndoa, kisha akaambukizwa na mumewe aliyeishi vingine kabla ya kumwoa. Usafi wake hautamkinga na historia ya mtu mwingine. Malezi mema ni wajibu wetu, na chanjo haituondolei wajibu huo. Vyote viwili vinahitajika.

Serikali ilianza kutoa chanjo hii nchi nzima mwaka 2018. Tangu mwaka 2024 ni sindano moja, na haina malipo. Binti aliyetimiza miaka 9 na hajafikisha 15, asiyepata chanjo, mpelekeni zahanati mkaulize.

Akina mama nao wasijisahau. Aliyefikisha miaka 30, au 25 kama ana virusi vya UKIMWI, aende kupimwa. Mhudumu hupaka siki kwenye shingo ya kizazi na kutazama kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi dalili za mwanzo hutibiwa siku ileile. Usisubiri damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu. Hapo ugonjwa huenda umekwisha kukua.

Akina baba, tunawaomba jambo moja. Mama akisema anakwenda kupimwa, mpeni nauli na baraka, wala msimwulize anatafuta nini. Ninyi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na WAWATA, lizungumzeni jambo hili baada ya sala, kwa sauti, bila aibu. Uvumi hustawi mahali ambapo watu wazima wananyamaza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunauona, na cha kuuziba kipo zahanati.