Tabu si Taabu: Juu ya Jina na Mtu

Siku hizi hapa Kalemie tunasikia neno lilelile katika vyumba vya maombi: mtoto anayeitwa Tabu, Mateso ao Masumbuko amefungwa na jina lake, aitwe Baraka ao Gloire, na maisha yatafunguka. Wengine wanafika mbali zaidi: hata jina la babu ni kamba ya mizimu, ikatwe! Sisi tunakataa. Jambo hili linagusa swali kubwa: mtu ni nini?

Wazee wetu Waluba walikuwa na jibu lao. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyeishi kati ya Waluba wa Katanga, alilieleza katika kitabu kilichotoka kwa Kifaransa mwaka wa 1945 kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kuna jina la ndani, lile lisilompotea mtu, na kuna majina mengine anayopata njiani. Kwa kweli Padri huyo alitufinya wote katika neno moja, «nguvu», kama vile Waluba wana kichwa kimoja, hapo hatumfuati. Lakini juu ya majina alisikiliza vizuri. Angalieni nyumbani: mtoto akipewa jina la babu, baba yake mwenyewe anamwita «baba». Mzee hakujificha ndani ya mtoto sawa mwizi. Jina linamwekea mtoto pahali katika ukoo, pamoja na haki na madeni yake.

Na Tabu je? Mama aliyezaa njiani akikimbia vita, akamwita mtoto Masumbuko, aliandika historia yake. Hakuandika laana. Kufuta jina hilo ni kumwambia mama: ulichoona hakikuwako.

Jibu lingine linatoka mbali, katika dini ya Buddha, ambayo imekwisha kufika kwa jirani zetu: kule Uganda mtawa Buddharakkhita, Mganda mwenyewe, alianzisha kituo mwaka wa 2005. Katika kitabu cha kale kiitwacho Milinda Panha, mfalme Milinda anamuuliza mtawa jina. Mtawa anajibu: wananiita Nagasena, lakini ni jina tu, hakuna mtu anayepatikana ndani yake. Mfalme anacheka: basi nani anakula, nani anavaa nguo hizo? Mtawa anamuuliza juu ya gari la farasi lililomleta. Gari ni magurudumu? Hapana. Ni ekseli? Hapana. Vipande vyote vikirundikwa? Hapana. Hata hivyo mfalme alikuja kwa gari. Nasi tuulize hivyo juu ya treni yetu: ni mashini, ni mabehewa, ao ni neno tunalosema vyote vikikutana?

Wasomi wengine watarukia kusema Buddha na wazee wetu ni mamoja. Huo ni uvivu. Kwa Nagasena hakuna jina la ndani, maana hakuna kitu ndani kisichobadilika. Kwa wazee wetu kipo. Wangebishana mpaka jogoo awike. Lakini hakuna hata mmoja wao angekubali kwamba taabu inakaa ndani ya herufi nne, na kwamba ukizifuta inatoka.

Tena tulikwisha kujaribu. Mwaka wa 1972 Serikali iliwanyima watu majina ya ubatizo. Jean akaitwa vingine, na njaa yake ikabaki palepale. Albertville iligeuka Kalemie mwaka wa 1966, na Lukuga haikuacha kutoka ziwani. (Jina la Albertville hatulililii, lilikuwa la mfalme wa wengine.)

Pasta anasahau pia sheria. Kanuni ya Familia ya mwaka wa 1987 hairuhusu mtu kubadilisha jina ovyo: lazima mahakama, na sababu ya haki. Kijana anayeitwa Baraka kanisani, Tabu kwenye diploma, na jina la tatu kwenye kadi ya uchaguzi, ataulizwa siku moja mbele ya meza ya ofisi: wewe ni nani? Siku hiyo pasta hatakuwa pale kumjibia.