Kifua cha Muislamu si Ubao wa Matangazo



Iko fulana ambayo vijana huipenda sana. Kifuani ina picha ya gari jeupe la mashindano, lenye milia ya buluu na nyekundu na nambari 22, na chini yake pameandikwa Le Mans 1971. Baba huiona akadhani ni gari tu. Mama huifua, akaipiga pasi, akaikunja pamoja na kanzu ya Ijumaa. Lakini ubavuni mwa gari hilo pana neno moja: Martini. Je, umepata kumwuliza mwanao maana yake?

Tuseme haki kwanza. Gari lile, Porsche 917, lilifanya ajabu. Mashindano ya Le Mans, huko Ufaransa, huenda saa 24 mfululizo, usiku na mchana, madereva wakipokezana. Mwaka 1971 Helmut Marko wa Austria na Gijs van Lennep wa Uholanzi walikwenda kilomita 5,335, kwa wastani wa kilomita 222 kwa saa. Masafa hayo hayakupitwa mpaka mwaka 2010. Hiyo ni kazi ya akili na subira, na akili ni neema ya Mwenyezi Mungu. Hatumkatazi kijana kuistaajabia.

Lakini Martini si jina la fundi, wala la dereva, wala la gari. Ni jina la mvinyo wa Italia. Wenye mvinyo walitoa fedha, jina lao likapakwa juu ya gari, ili kila asifuye mwendo autaje na ulevi. Mbio zilikwisha baada ya saa 24. Tangazo halijakwisha hadi leo. Latembea kwa miguu ya watoto wetu bila ya ujira, na wao ndio walionunua! Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wako watakaosema: "Ni nguo tu, hakuna aliyekunywa." Kweli, mwenye kuivaa si sawa na mlevi. Lakini Mtume (S.A.W.) hakumlaani mnywaji peke yake, aliwataja pia wenye kuikamua pombe, kuiuza na kuibeba. Kwa nini mlango ulifungwa mbali hivyo? Kwa sababu ulevi hauanzi kuingia nyumbani kwa chupa. Huanza kwa kuzoeleka. Mtoto aliyelizoea jina hilo kifuani mwake tangu udogoni, atalionea haya lini?

Ufaransa yenyewe, nchi isiyoharamisha mvinyo, kwa sheria ya mwaka 1991 ilizikataza kampuni za ulevi na tumbaku kudhamini michezo. Sisi tulio na Sura ya Al-Maidah twangoja nini?

Basi, ewe mzazi, usimpokonye mwanao fulana kwa ukali. Mkalishe, umweleze maana ya neno lile. Akilipenda gari, atafute fulana yenye gari na nambari yake, bila ya jina la ulevi. Na tangu leo, kabla ya kuuliza bei ya nguo, soma kwanza kilichoandikwa kifuani.

Wabillahi tawfiq.