Ramani za zamani zinajua njia ya maji

Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Wakati Wajerumani walipoufanya mji huo makao makuu, mwaka 1891, bonde la Msimbazi lilikuwa bado nje yake. Leo liko katikati ya watu zaidi ya milioni 5, na mvua kubwa ikinyesha, Jangwani hujaa maji. Mto haukuhama, mji ndio ulioufuata.

Uvira inalijua jambo hilo tangu Aprili 2020, Mulongwe ulipobomoa nyumba. Wakaaji wanalaumiwa kujenga pabaya, lakini karatasi za viwanja hutiwa sahihi na nani? Viongozi wafungue kwanza ramani za zamani, ndipo wagawe viwanja.