Ahadi Tuliyomwachia Mtoto wa Katesh



Wazazi wawili wametuuliza juma hili iwapo kamati ya msikiti itawapeleka tena vijana kujitolea katika shule za Hanang. Jibu letu ni ndiyo, lakini kabla ya kuandikisha majina tunawiwa kusimulia tulivyokosea safari ya kwanza.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelewa maji iliporomoka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki dunia, na waliokosa makazi wakahifadhiwa katika majengo ya shule. Sisi wa Mbulu tulikusanya nguo na unga, tukateremka Dareda na vijana wetu, nia ikiwa ni kuwafundisha watoto waliokuwa kambini.

Mwalimu aliyetupokea hakuwa Mwislamu. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Ustadhi, mwalimu wa siku nne hanisaidii sana. Nisaidie kuondoa tope, kukarabati madawati, na kuandika ni mtoto yupi hana sare na yupi hana daftari. Shule zinafunguliwa tarehe 8 Januari." Tulinyamaza. Vijana wetu walikuwa wametayarisha masomo, na mmoja wao alikuwa amebeba hata ubao mdogo. Siku ile walishika majembe na ndoo. Tunakiri kwamba hiyo ndiyo kazi yetu iliyofaa kuliko zote.

Palitokea pia mvutano ndani ya kamati. Wapo waliotaka madaftari wapewe watoto wa Kiislamu kwanza. Tuliwajibu kwamba haki ya jirani katika dini yetu haiulizi jirani anasali wapi, na kwamba tope halikuchagua nyumba ya Mwiraqw wala ya Mdatoga, ya Mwislamu wala ya Mkristo. Orodha ya mwalimu ikafuatwa kama ilivyo. Ama picha, tulizipiga nyingi mno, nyingine za watoto waliokuwa wakilia. Hilo lilituchoma baadaye, tukazifuta.

Jioni, kazi ikiisha, vijana walikaa na watoto wakisoma na kuhesabu. Mtoto mmoja wa darasa la tatu, aliyefiwa na mama yake, hakumwachia mkono kijana wetu. Siku ya kuondoka alimuuliza, "Kaka, utarudi lini?" Kijana, kwa huruma tu, akajibu, "Jumamosi."

Jumamosi ilipofika fedha za mafuta zilikuwa zimekwisha, na hatukwenda. Hatukupiga simu wala kumtuma mtu. Tulirudi baada ya majuma matatu. Mwalimu akatuambia kwamba Jumamosi ile mtoto alikaa langoni tangu asubuhi hadi adhuhuri, na siku chache baadaye akachukuliwa na jamaa zake.

Sote tumefundishwa tangu madrasa kwamba kuvunja ahadi ni miongoni mwa alama za mnafiki. Lakini hatuwezi kumtwika kijana yule mzigo peke yake. Sisi wakubwa ndio tuliompeleka bila kumweleza kwamba mtoto aliyepoteza nyumba na mama kwa asubuhi moja huihesabu kila siku anayotajiwa.

Kwa hiyo, wazazi, safari ijayo ina masharti. Kijana ataambatana nasi kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na kwa kazi atakayoitaja yeye. Hatamtajia mtoto siku ya kurudi ila iwe imeandikwa katika daftari la kamati, na nauli yake imekwishatengwa. Masomo ya dini yatakuwa kwa watoto wa Kiislamu, kwa idhini ya wazee wao. Anayeona masharti haya ni mazito abaki nyumbani atuchangie madaftari. Naye ana fungu lake la thawabu.

Na mtoto yule? Tulimuulizia Waret, zilikojengwa nyumba 109 za waathirika, hatukumpata. Tuliambiwa yuko kwa mjomba wake upande wa Basotu. Kijana wetu ameomba aende yeye mwenyewe, nasi tumemtengea nauli ya kwenda na kurudi.